Wa Tatu kwa Hesabu

Abti wangu, ndugu wa mama yangu, hakuwa na desturi ya kumwinukia mteja. Alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la mifugo hapa Garissa, na kutwa alikaa nyuma ya meza, mguu mmoja juu ya kiti. Mteja akitaka kitu, abti alimwonyesha kwa kidole kilipo, ajitwalie. Kwa hiyo siku alipochupa wima mpaka kichwa chake kikajizonga katika mitandio iliyoning'inia, nilidhani ameumwa na nge.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu kupita wanaume wengi ninaowajua. Aliinama mlangoni bila kutazama juu, kama mtu ambaye milango imekwisha kumfunza. Aliuliza bei ya kitambaa, kisha akaona kwamba mwenye duka hamjibu, anamkodolea macho tu.

"Dada yangu," abti alisema, "si wewe uliyekuwa ukicheza mpira wa kikapu Mogadishu? Timu ya taifa?"

Mwanamke alikunja kile kitambaa polepole. "Zamani," alisema. "Kabla dunia haijapinduka."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, vita vya Somalia vikiwa vimemwaga watu upande wetu. Wengi walikuwa katika kambi za Dadaab, na wengine, kama yeye, walikuwa na jamaa mjini waliowapa chumba. Yeye alishona magauni kwa cherehani ya kuazima. Mitaani alikuwa mkimbizi mrefu tu. Lakini abti, alipokuwa kijana mfanyabiashara wa ngozi, aliwahi kukaa Mogadishu, na jioni alifuata watu wakienda uwanjani kutazama wasichana wakicheza. Alipoondoka yule mama, abti alibaki amesimama.

"Huyu," aliniambia, "alikuwa akiruka, halafu anakaa kule juu kidogo, kama mtu aliyesahau kushuka."

Nilikuwa na sababu yangu ya kusikiliza. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu mdogo kuliko wote, nilitwikwa michezo. Shule ilikuwa na uwanja wa saruji uliopasuka, vyuma viwili vya kikapu visivyo na nyavu, na mpira uliochunika ngozi. Nilichojua mimi ni netiboli. Wasichana walikuwa wakikimbilia mpira wote kwa pamoja, kama mbuzi waliomwagiwa chumvi. Nikaenda kumtafuta yule mama, nikamwita eddo, yaani shangazi, nikamwomba aje anisaidie. Alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao mkononi. Kisha akaniuliza kama mpira una upepo.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama wa kutoka bara, mwalimu wa hesabu, mtu wa haki lakini asiyeamini kitu mpaka akione kimeandikwa.

"Ana cheti?" aliniuliza.

"Vyeti vyake vilibaki Mogadishu, madam."

"Kuna mtu anayemjua?"

Nikamleta abti. Alivaa koti katika joto lile la Garissa, akaketi ofisini jasho likimtiririka, akatoa ushahidi kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Madam, huyu mama ilikuwa inaruka! Inaenda juu, inakaa huko."

"Nimesikia. Alikuwa akifunga pointi ngapi?"

"Bointi?" Abti alimtazama kwa huruma. "Mama, wewe ukiona simba, unahesabu meno?"

Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema kuruka si kazi, hata panzi huruka. Abti akatoka ameudhika, na kwa hasira akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia sana: alimtafuta mzee mmoja, mkimbizi pia, ambaye huko Mogadishu alikuwa mhasibu katika ofisi za bandari, na jioni alikaa kwenye meza ya kando ya uwanja akiandika pointi za kila mechi. Mji mzima ulimwita karani. Sasa aliishi kwa mwanawe, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Abti aliamini kwamba huyu atamaliza ubishi.

Karani aliketi ofisini na fimbo yake kati ya magoti. "Maandishi yaliungua pamoja na jengo," alisema kwa Kisomali, nami nikimtafsiria madam. "Lakini jumla za kila msimu ninazo." Akagonga paji la uso wake. "Huyu mama alikuwa mzuri, wallahi. Alikuwa wa tatu."

"Wa tatu?" abti aliruka.

"Wa tatu kwa kufunga. Wa kwanza aliolewa Italia. Wa pili alikuwa kutoka Kismayu, mweusi, mnene kidogo, hana mbwembwe. Watu hawakumpenda, lakini pointi aliweka."

Mwalimu mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu abti aingie. Alisema mtu wa tatu katika nchi nzima anamtosha, akaniruhusu nimlete. Kwa hiyo shauri letu lilifaulu, lakini abti alirudi dukani kama mtu aliyefiwa.

Ubishi ule ulihamia dukani na kukaa huko majuma mengi. Karani alizoea kuja baada ya swala ya alasiri, akipewa chai ya iliki na kiti, na wote wawili walianza pale walipoachia jana. Wauza ngamia waliofika kununua shuka walikaa wakasikiliza, na wengine wakachagua upande ingawa hawajapata kuuona mpira wa kikapu maishani mwao.

"Ulikuwa umeinama ukiandika," abti alimwambia karani. "Mtu anaruka, wewe unatafuta kalamu. Umeona nini?"

"Na wewe ulikuja jioni chache, ukashiba kwa miaka yote," karani alimjibu. "Uliona siku zake nzuri. Mimi nilikuwepo hata siku alizokosa kila kitu. Siku hizo wewe ulikuwa ukiuza ngozi."

Nilikuwa nikiwasikiliza huku nikisahihisha madaftari ya wasichana, na sikujua niende upande gani. Nilipomtazama abti, niliona kwamba alichokuwa akitetea hakikuwa mpira peke yake. Alikuwa akitetea jioni zile, mji ule wenye taa, na ujana wake katikati yake. Lakini hata karani sikumwamini moja kwa moja. Vitabu vyake viliungua. Jumla alizokuwa nazo zilikuwa kumbukumbu kama kumbukumbu ya abti, ila zimevaa tarakimu. Siku moja nilimuuliza kwa adabu kama yawezekana amekosea.

"Yawezekana sana, binti yangu," alisema. "Nimezeeka. Lakini makosa yangu hayana mpendwa."

Jibu lile lilinikaa. Nilipomfikishia eddo habari kwamba wanaume wawili wanampigania, na kwamba mmoja amemweka wa tatu, alikuwa akitia uzi katika sindano. "Wa tatu?" alisema. "Alhamdulillahi. Mimi nilijiona wa nne."

Alianza kazi na wasichana. Alikuja na gauni lake refu na mtandio, magoti yakimwuma, wala hakuruka hata siku moja. Uwanja tuliuzungushia mikeka upande wa barabara ili wazazi wasiwe na neno, na wasichana walivaa suruali ndani ya sketi. Siku za kwanza kulitokea mkasa. Eddo alikuwa anajifunza Kiswahili, na kama wengi wetu, herufi p ilimshinda. Akitaka wasichana wapeane pasi, alipaza sauti: "Basi! Basi!" Wasichana wa Kisomali walimwelewa wakapeana mpira. Wale watoto wa maafisa waliotoka bara walisimama papo hapo, mikono kiunoni, wakidhani mazoezi yamekwisha. Eddo alizidi kupiga kelele, "Basi! Nimesema basi!" nao wakaanza kukusanya viatu vyao. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza, alicheka yeye pia, lakini hakubadilisha neno. Wale wa bara ndio waliobadilika. Mwisho wa mwezi hata wao walikuwa wakiitana "basi".

Hilo ndilo somo alilofundisha karibu siku zote: kupeana. Nilidhani ni kwa sababu kurusha kumemshinda kwa magoti yake.

Kisha ikaja mechi na shule ya ng'ambo ya daraja, yaani, kama tulivyosema wakati ule kana kwamba sisi hatumo, timu kutoka Kenya. Uwanja ulifunguliwa kwa kila mtu. Karani aliombwa na mwalimu mkuu akae mezani aandike pointi, naye alikuja amenyoa ndevu upya. Abti alisimama chini ya mwarobaini pamoja na nusu ya soko. Tulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye madaha, na kila alipofunga watu walipiga vigelegele hadi barabarani. Tulishinda kwa tofauti ndogo sana. Umati ulimzingira yule mrefu ukimwimbia. Lakini eddo alipita katikati ya watu wote, akaenda kumkumbatia msichana mwingine, mdogo wa umbo, ambaye sikukumbuka kumwona akifanya lolote.

Jioni dukani, karani alilikumbuka jambo hilo. Eddo alikuwa amekuja kuchukua vitambaa, na mimi nilikuwa nikimmiminia chai.

"Dada," karani alisema, "yule uliyemkumbatia leo hakuandikiwa pointi hata moja."

"Najua."

"Basi umemkumbatia kwa lipi?"

Eddo aliweka kikombe chini. "Adeer," alisema, yaani baba mdogo, "kwenye meza yenu kule Mogadishu, mlikuwa mkiandika pasi?"

"Hapana. Pointi na makosa tu."

"Unamkumbuka msichana mfupi aliyecheza nyuma yangu?"

Karani alifumba macho. "Namkumbuka jina. Pointi zake chache mno."

Eddo akamgeukia abti. "Na wewe, uliyekuja kutazama?"

Abti alijaribu. Nilimwona akitafuta katika zile jioni zake, akizunguka uwanja mzima kwa macho ya moyo. "Simkumbuki," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakutazama wewe."

"Kila mtu alikuwa ananitazama mimi," eddo alisema, si kwa kujisifu. "Adeer, kuna msimu mmoja yule msichana alikwenda kujifungua. Hakucheza. Mwaka huo uliandika nini mbele ya jina langu?"

Karani aligonga tena paji la uso wake, akihesabu misimu. Nje ngamia walikuwa wakirudishwa kutoka sokoni, na vumbi lao liliingia dukani. "Ulianguka," alisema. "Ulianguka vibaya. Tulisema unaumwa."

"Sikuumwa. Nilikuwa mzima kama ngamia. Hakukuwa na mtu wa kunipa mpira pale nilipokuwa naelekea kabla sijafika."

Karani alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kikoi. "Kwa hiyo habari yake nilikuwa nayo," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Niliiandika kwa mkono wangu, wala sikuisoma." Abti naye, ambaye kwa majuma yote yale alikuwa akingoja siku karani atakapokiri kushindwa, hakufurahi. Alikuwa na haya. Aliuliza yule mfupi yuko wapi sasa.

Eddo hakujua. Walikimbia mji siku moja, kwa magari mawili tofauti. Alisikia kwamba mwenzake alielekea Kismayu, kisha hakusikia tena. Kila aliyetoka kambini, eddo alimwuliza habari za mwenzake, na ndiyo sababu ya kukaa Garissa badala ya kwenda kwa ndugu zake Mandera: hapa watu wote hupita.

Abti aliingia kazi ile ya kumtafuta kwa bidii ambayo sikumjua nayo. Malori yaliyopeleka bidhaa zake kwenye masoko ya kambini yakawa na mzigo mwingine, swali. Madereva waliuliza kila walikoshusha. Walipata wanawake wafupi wengi. Mmoja alikana kabisa kuwa amepata kucheza mpira, akamtukana dereva kwa kumvunjia heshima. Mwingine alikubali haraka mno, na ikajulikana kwamba hajapata kufika Mogadishu. Ilipita miezi, mvua zikaja, barabara ya Dadaab ikawa matope, nikadhani jambo limekwisha.

Halafu akatokea, na hakuletwa na madereva. Aliletwa na macho yake. Alikuwa kambini muda wote, akipika anjera, chapati za maji za Kisomali, za kuuza, na kila dereva aliyeuliza aliuliza kwa wenye maduka, hakuna aliyefika mekoni. Siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kuja hospitali ya Garissa kutibiwa macho, na katika foleni mtu alimwambia kwamba kuna mwanamke mrefu mjini anayemtafuta. Eddo alikimbia kwenda hospitali. Magoti yale ambayo hayakutaka kuruka, yalikimbia. Mimi nilikuwa nyuma nikihema, sikumfikia ila walipokuwa wamekwisha kushikana, mrefu ameinama, mfupi amezamisha uso kwenye mtandio wa mwenzake, na watu wa foleni wanaulizana nani kafa.

Tulimpeleka dukani. Karani alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayengoja hukumu. Abti alimpa mgeni kiti chake mwenyewe. Chai ikanywewa, wafu wakaombewa, na baada ya hayo yote karani akashindwa kujizuia.

"Dada," alisema, "nimesikia kwamba mpira wote wa timu ile ulikuwa mkononi mwako. Nataka kujua. Mbona hukuwa ukirusha mwenyewe? Ulikuwa ukitoa tu."

Yule mwanamke mfupi alimtazama kwa macho yaliyobanwa, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ningerusha wapi, ndugu yangu? Kikapu sikukiona. Tangu utotoni naona karibu tu. Ubao kwangu ulikuwa wingu. Lakini huyu," akamgusa eddo pajani, "huyu alikuwa mrefu, namwona hata kwenye giza. Nikapeleka kwake."

Nilimtazama abti, abti akamtazama karani.

"Anasema uongo," eddo alisema. "Tangu zamani ni mwongo. Aliona kila kitu."

"Niliona miguu yako," mwenzake alisema. "Miguu ndiyo inayosema mtu anakokwenda."

Hata leo sijui ukweli ulikuwa wapi kati ya maneno yale mawili. Pengine alikuwa akijishusha, kama tulivyolelewa sisi wanawake wa huku. Pengine kweli alikuwa nusu kipofu. Nilichojua ni kwamba lile lililokuwa kubwa katika mchezo wao halikuwa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo si jicho la abti wala kalamu ya karani iliyokuwa na mahali pa kuliweka. Lilikuwa hewani kati ya mikono miwili, na huko hatukuzoea kutazama.

Mgeni alikaa kwetu siku alizoruhusiwa. Alasiri moja alikuja shuleni. Wasichana walimpa mpira, akaukataa, wakamsihi, akaupokea. Aliudunda kidogo akiwa na gauni na makubazi, akimwelezea eddo habari za mtu fulani wa mtaa wao wa zamani, na katikati ya sentensi, bila kumtazama, aliuachia mpira kando ya kiuno. Eddo alikuwa tayari huko. Aliuweka kikapuni taratibu, miguu chini, akajibu ile habari. Wasichana hawakupiga makofi. Yule mdogo aliyekumbatiwa siku ya mechi alisogea karibu zaidi, akakaa chini kwenye saruji yenye moto.

Yule mwenzake eddo alipewa miwani hospitalini, akarudi kambini. Mwaka uliofuata familia ya eddo ilipata kibali cha kwenda nchi ya mbali yenye baridi, na eddo akasafiri, nasi timu yetu ikaanza kushindwa tena mara nyingi kuliko kushinda. Barua zake chache zilimwulizia zaidi yule mwenzake kuliko sisi. Karani alifariki Garissa, Mungu amrehemu, na katika miezi yake ya mwisho alikuwa akiwaambia wanaomzuru kwamba kama angepewa meza nyingine, angeongeza safu moja.

Mimi nimefundisha miaka mingi tangu hapo. Mwisho wa kila muhula huandika nafasi za wasichana darasani, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyo na wazazi huzitaka. Lakini kabla ya kutia saini huuliza msichana anakaa dawati moja na nani, na mwenzake huyo akihamishwa, huwa natazama muhula unaofuata kutatokea nini.

Abti sasa ni mzee sana. Bado husimulia wajukuu zake jinsi yule mrefu alivyoruka Mogadishu na kukaa kule juu. Siku hizi ameongeza jambo. Husema kwamba nyuma yake alikuwepo msichana mfupi, mwepesi, mikono kama upepo, na kwamba yeye, abti, ndiye mtu pekee katika uwanja ule aliyemtambua. Huwaeleza hata rangi ya kitambaa alichofunga kichwani. Wajukuu hunigeukia waone kama ni kweli, nami huwaongezea chai.